Nina usukani, sina breki

Mama yangu aliponipigia simu kuuliza nafasi mpya niliyopewa kituoni ni ipi, nilimjibu kwamba naendesha gari la ngazi, ila kwa nyuma. Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, gari linaendeshwaje kwa nyuma? Umekuwa utingo?" Nikamweleza kadiri nilivyoweza, naye akawa anaitikia "ehee, ehee", lakini nilijua hajanielewa. Nimeona niiandike kwa kirefu, kwa ajili yake na kwa yeyote anayependa kujua, maana katika miaka yote niliyofanya kazi ya zimamoto hapa Marekani sijapata nafasi niliyoipenda kama hii.

Fikiria lori la tela. Mbele kuna kichwa, ndimo walimo dereva, kapteni na askari wengine. Nyuma yake kuna tela refu, na juu ya tela imelala ngazi ya chuma ambayo ikiinuliwa na kunyooshwa yote inafika mita 30. Ukipima kutoka bampa ya mbele mpaka ya nyuma unapata karibu mita 18. Tofauti yake na lori la kawaida ni kwamba matairi ya nyuma ya tela nayo yanakata kona, na anayeyaelekeza ni mtu. Mtu huyo ndiye mimi. Nakaa mkiani kabisa, kwenye kibanda cha vioo kinachotosha mtu mmoja, nikiwa na usukani wangu, honi, vioo vya pembeni, na vifaa vya masikioni vya kuongea na dereva. Mguuni nina swichi ambayo nikiibonyeza inalia kule mbele. Mlio mmoja maana yake simama, miwili twende, mitatu rudi nyuma.

Basi. Pedali ya mafuta sina. Breki sina. Mwendo wote uko kwenye mguu wa mtu mwingine, aliye mbali nami kiasi kwamba nikipiga kelele hanisikii.

Magari haya si ya juzi. Mwaka 1868, Daniel Hayes wa San Francisco alipata hataza, yaani hati ya kulinda ubunifu, ya ngazi yake ndefu ya kuinuliwa, na katika zama hizo za kukokotwa na farasi magari ya ngazi tayari yalikuwa yakibeba mtu wa kukaa nyuma kuelekeza magurudumu. Mpaka leo San Francisco inatumia magari ya ngazi ya aina hii, kwa sababu ya mitaa yake. Waliotutangulia walikaa nje, juu ya ngazi yenyewe, mvua yao na baridi yao. Wakifika kwenye moto ilibidi kwanza wang'oe usukani na kukisogeza kiti pembeni, ndipo ngazi iweze kuinuka. Kila ninapofunga mlango wa kibanda changu asubuhi ya baridi nawakumbuka kwa heshima.

Sasa kona, maana hapo ndipo kazi ilipo.

Chukua kona ya kulia kwenye mtaa mwembamba, magari yameegeshwa pande zote mbili. Tela la kawaida likivutwa kuzunguka kona, matairi ya nyuma hayapiti yalipopita ya mbele. Hukata ndani, yakapanda ukingo wa barabara na kuzoa chochote kilichosimama pale, kiwe nguzo au mtu anayesubiri kuvuka. Kwa hiyo dereva anapokata kulia, mimi nakata kushoto. Mkia unatoka nje, tela linazunguka kona kwa kufuata njia ya kichwa, na kichwa kikianza kunyooka narudisha usukani kidogo kidogo mpaka tela lijipange nyuma yake. Likifanywa vizuri, gari hili refu linapita mahali ambapo gari fupi kuliko hilo, lisilo na usukani wa nyuma, lingekwama.

Kuna jambo moja linalowaponza wengi. Kibanda changu kinazidi matairi kwa nyuma, na kile kipande kinachozidi kinaenda mbali kuliko matairi yenyewe. Nikiyapeleka matairi kushoto hatua moja, mkia umekwenda hatua moja na zaidi. Kabla sijatoa mkia nje lazima niwe na uhakika na upande ule wa pili, ambao dereva wa mbele hana tena habari nao.

Nilijifunza kwenye uwanja mtupu, kati ya koni za rangi ya machungwa. Mkufunzi wangu alikuwa mzee aliyekaa kwenye kiti kile miaka mingi, mtu wa maneno machache. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuzungushia utepe mwekundu juu ya usukani, pale katikati. "Utepe ukiwa juu, matairi yamenyooka. Ukipotea, urudishe juu." Nikadhani ni jambo dogo. Tukaondoka, mwendo wa mtu anayekimbia polepole, na ndani ya mita 50 tela lilikuwa linayumba huku na huku nyuma ya kichwa kama mkia wa samaki.

Kosa langu lilikuwa hili. Ukigeuza usukani wa nyuma, tela halikujibu papo hapo. Linachelewa kidogo. Katika kuchelewa huko unadhani hujageuza vya kutosha, unaongeza. Mara tela linakuja kwa nguvu kuliko ulivyotaka, unashtuka, unakata upande wa pili, nao unazidi. Mzee akanisemesha masikioni, sauti ile ile ya chini: "Usishindane nalo. Utepe juu, usubiri." Nikaurudisha utepe juu, nikashika hivyo, nikiwa na hakika tunakwenda kugonga koni zote. Tela likajinyoosha lenyewe nyuma ya kichwa, taratibu, kama mtoto aliyebembelezwa akatulia.

Jambo la pili alilonifundisha ni macho. Kila mgeni anayekaa kule nyuma hutaka kuangalia matairi yake na ubavu wa tela. Mzee alinikataza. Vioo vitupie jicho, kisha rudi mbele, kwenye kichwa cha gari, kwa sababu kichwa ndicho kinachokuambia unakotakiwa kuwa baada ya muda mfupi. Bega la kichwa likianza kuonekana upande mmoja, kona imeshaanza, na mikono yako iwe imeshajua. Rivasi ni habari nyingine kabisa. Tukirudi nyuma, mimi ndiye ninayetangulia na dereva ndiye anayenifuata, na kila nilichofunza mikono kwa kwenda mbele kinapinduka. Hatuthubutu kurudi nyuma bila mtu kusimama chini akituongoza kwa mkono au tochi.

Mwezi wa nne baada ya kuruhusiwa kwenda kwenye dharura, niligonga.

Ilikuwa usiku wa manane, wito wa moshi kwenye nyumba ya ghorofa tatu. Tulikuwa tunakwenda kwa kasi kuliko nilivyopenda. Nililiona hilo. Nililisikia tumboni kabisa, na nikanyamaza, kwa sababu dereva alikuwa mkongwe na mimi mgeni, na kule mbele kapteni alikuwa akiongea na redio. Tukaingia kona ya kulia. Kwa kuogopa kuchelewa nikatoa mkia mapema mno, kibanda changu kikiwa hakijalipita gari la mwisho lililoegeshwa kushoto. Mlio sikuusikia kwa ajili ya king'ora. Niliuhisi kwenye kiti, mkwaruzo mrefu uliopanda mgongoni. Nikabonyeza swichi mara moja.

Gari likasimama. Kapteni akauliza neno moja tu: "Mtu?" Nikamjibu hakuna mtu, ni gari lililoegeshwa. Akatangaza redioni kwamba tumepata ajali, gari jingine litumwe badala yetu. Tukabaki pale, taa zetu zikimulika madirisha ya watu, wenzetu wa kituo kingine wakienda kuuzima moto uliokuwa wetu. Kilikuwa kigari kidogo cha buluu. Kioo cha pembeni kilikuwa chini, mlango umebonyea kuanzia kitasa mpaka nyuma. Mwenyewe alitoka na nguo za kulalia, nami nikamwomba radhi.

Moto ule ulikuwa mdogo, hakuna aliyeumia. Lakini kwa dakika zile zote nilizokuwa nimesimama barabarani sikulijua hilo. Nilikuwa nahesabu ghorofa tatu na watu wanaolala humo, na ngazi yao ya mita 30 imelala juu ya tela langu, haiendi popote.

Tuliporudi kituoni dereva alinikuta nikifuta rangi ya buluu kwenye bampa. Nilitegemea maneno makali. Akachukua kitambaa kingine, akaanza kufuta upande wake. "Nilikuwa na kasi kwenye ile kona," akasema. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea kufuta. "Mimi huko nyuma sikuoni. Usiponiambia, kwangu mambo ni mazuri. Ukiona taratibu, sema taratibu. Hata kama kapteni anaongea. Hata kama anaongea mkuu wa zimamoto mwenyewe."

Tangu siku hiyo nasema. Kabla ya kuondoka halitikisiki gari mpaka nitamke "nyuma tayari", mkanda umefungwa, milango imefungwa. Njiani namwambia "mkia safi" au "taratibu" au "subiri", naye anajibu kwa neno moja kunionyesha amesikia. Hatupigi soga. Nimekuja kuona kwamba breki yangu ninayo, iko kinywani, na kama sitaitumia ni sawa na kuikata kwa mkono wangu.

Nina ombi kwenu mnaoendesha magari. Kwenye njia panda tunasimama au kupunguza mwendo, tunahakikisha tumeonekana, kisha tunavuka. Mara kwa mara namwona mtu amesimama vizuri kabisa, kichwa kikampita, naye akadhani tumekwisha na kuanza kusogea. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, gari letu linachukua sekunde mbili na ushee kupita sehemu moja. Katika sekunde hizo mimi ndiye ninayekuja, mkia nje, bila breki. Tafadhali msisogee mpaka mwone kibanda cha vioo kimepita na mtu aliyemo ndani. Nimeshawahi kumtazama mama mmoja machoni kwa karibu hivyo, watoto wake wakiwa kiti cha nyuma. Nilisema "simama" na gari likasimama, na mpaka leo nikifika njia panda ile mikono inanitoka jasho.

Wiki mbili zilizopita tulikwenda kwenye moto mkubwa, moshi ulishatoka madirisha ya ghorofa ya juu. Mtaa ulikuwa mwembamba na nyaya za umeme zimepita upande mmoja. Dereva akakiingiza kichwa kwa pembe kuelekea jengo, mimi nikalibakiza tela sambamba na barabara, gari likakaa limekunjika kama kiwiko. Hivyo ndivyo tunavyotaka likae, maana likikunjika linasimama imara zaidi ngazi ikiinuliwa pembeni, na kitako cha ngazi kinasogea karibu na ukuta. "Kulia kidogo," nilisema. "Kidogo tena. Hapo." Tukateremsha miguu ya kuliegemeza, ngazi ikainuka. Nilipanda na mwenzangu mpaka paani na msumeno, tukatoboa shimo, moshi mweusi ukapanda juu badala ya kuwarudia wenzetu waliokuwa ndani wakitafuta watu. Wote walitoka.

Tulirudi kituoni alfajiri, hakuna anayeongea, harufu ya moshi kwenye kila uzi wa nguo. Mlango wa kituo ni mwembamba, na gari huingia kwa rivasi. Mwenzetu alisimama nyuma na tochi. Nikabonyeza mara tatu. Utepe mwekundu, uliokwisha kuchakaa, ulikwenda kushoto, ukarudi juu, ukakaa. Ukuta ukanipita kulia, ukuta ukanipita kushoto, nafasi ya kiganja kila upande. Tochi ikapanda juu. Nikabonyeza mara moja.