Kha na Merit

Jana nilikuwa Makumbusho ya Misri mjini Turin, Italia, na mpaka sasa mawazo yangu yako kwa Kha na mkewe Merit.

Kha hakuwa mfalme. Alikuwa msimamizi wa mafundi wa Deir el-Medina, kijiji cha waliochimba na kupamba makaburi ya mafarao, yapata miaka 3,400 iliyopita. Kaburi lao lilipatikana mwaka 1906 wezi wakiwa hawajaligusa. Ndani mlikuwa na vitu zaidi ya 400: vitanda, viti, mikate, nguo za kitani, wigi la Merit la nywele za binadamu, kasha lake la vipodozi. Eksirei imeonyesha Kha bado amevaa mkufu wa dhahabu chini ya sanda.

Merit alitangulia kufa. Jeneza lake halikuwa tayari, akalazwa katika lile la mumewe. Lilikuwa kubwa mno kwake, nafasi zikajazwa vitambaa vya Kha. Hapo nilisimama muda mrefu sana.

Halafu nikawakumbuka watu wa kawaida wa Amarna, mji mkuu wa farao Akhenaten, waliokufa miongo michache tu baadaye. Wengi walizungushiwa kitani na mkeka wakafukiwa kwenye shimo la mchanga, bila jeneza. Mifupa yao, hata ya vijana, ina alama za kubeba mizigo mizito. Nao pia walitumaini maisha baada ya kifo! Inaniuma kweli.

Mkifika Turin, msiishie kwenye sanamu za mafarao. Chumba cha Kha kipeni muda.