Siku za mbalamwezi

Alhamisi, usiku

Mwezi umeshiba. Asubuhi nimepita mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, nikakuta mitumbwi imepandishwa ufukweni, nyavu zimetandazwa, vijana wanacheza drafti kwa vifuniko vya soda. Sisi tunaoishi kwa dagaa kalenda ya ukutani haituhusu sana. Giza likiwepo, kuna pesa. Mbalamwezi ikitoka, watu wanalala. Dagaa hufuata taa, na mwezi ukishaangaza ziwa zima, taa ya mvuvi inakuwa kibatari kilichowashwa juani.

Ndiyo maana kituo chetu cha akina mama hujaa siku kama hizi. Ukija wakati wa giza utamkuta paka na ndoo. Wanawake wote wako kwenye chanja, wanaanika, wanageuza, wanakimbizana na wingu. Dagaa wa Tanganyika jua moja kali linawatosha, lakini mvua ikiwakuta katikati wanaoza, wananuka, na mnunuzi anakwambia hao peleka kwa wafuga kuku. Zamani tulianika mchangani. Mwanamke aliyetushawishi tuchange mbao na nyavu tujenge chanja tulimwita mjuaji. Leo yeye ndiye mwenyekiti wetu, na dagaa wetu hawakwaruzi meno ya mtu.

Wageni wakija, huonyeshwa sabuni. Sijui kwa nini, labda kwa sababu sabuni inapiga picha vizuri. Ni sabuni ya mawese kweli, nami napenda kuipika: magadi ya kostiki unayatia kwenye maji (usitie maji kwenye magadi, yatakurukia), unayaacha yapoe, kisha unamimina kwenye mafuta huku mwenzio anakoroga upande mmoja tu mpaka uji uwe mzito na mwiko uache njia nyuma yake. Ukitaka povu la maana unachanganya na mafuta ya mise, yaani ya kiini cha mbegu ya mchikichi. Wageni hukoroga mara mbili, hupigwa picha, hunywa soda, huondoka wakiandika kwamba kituo kinafundisha ujasiriamali. Sawa. Lakini tungekuwa tunakutana kwa ajili ya sabuni tu, tungeshaachana zamani.

Kinachotushika ni daftari.

Si daftari la hisa, ingawa na hilo lipo, pamoja na sanduku la chuma lenye kufuli tatu na funguo zinazokaa kwa wanawake watatu wa mitaa tofauti, ili shetani akimwingia mmoja awakose wawili. Nasema daftari la mahudhurio. Katibu analisoma jina kwa jina kabla ya pesa kuhesabiwa. Mtu akikosekana mara moja, anaandikiwa faini, tunacheka. Akikosekana mara ya tatu, faini haiandikwi tena. Wanachaguliwa wawili, wanakwenda kwake.

Mimi niliwahi kufuatwa.

Ilikuwa 2024, mwaka ule ziwa lilipofungwa kwa mara ya kwanza, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana. Sikupinga. Kila mtu mwaloni alikuwa anaona mtumbwi unaokwenda mbali na kurudi na kidogo. Lakini miezi mitatu ni mbalamwezi ndefu mno kwa mtu mwenye watoto wanaosoma. Mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ambayo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, isiyo na riba, ilikuwa imesitishwa tangu Aprili 2023. Nikaenda kwa kausha damu, wakopeshaji wa mtaani. Nilipewa shilingi 300,000 mchana mmoja, bila maswali, na marejesho ya 15,000 kila siku kwa siku 26. Piga hesabu mwenyewe. Mimi sikupiga.

Siku ya tisa nilishindwa. Siku ya kumi na moja vijana wawili walikuja wakasimama mlangoni wanauliza bei ya televisheni yangu kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani. Nikaacha kwenda kituoni. Ningesimama vipi kununua hisa ya elfu mbili mbele ya watu ilhali nadaiwa kila kukicha? Nilikuwa napita njia ya nyuma, kilemba nimekishusha usoni, kama mke mwenza.

Wakaja wawili. Mmoja bibi wa Ujiji ambaye hana haraka na jambo lolote duniani, mwingine jirani yangu aliyevuka kutoka Kongo miaka mingi iliyopita na anayeuza vitenge. Bibi alipiga makofi taratibu, kama Waha wanavyosalimiana, akasema, "Mwakeye, mwanangu." Nikaitikia. Hawakuuliza kitu. Walikaa, wakaomba maji, wakazungumzia bei ya mawese. Nikalia mwenyewe, bila kuulizwa.

Deni hawakunilipia, niseme ukweli. Mfuko wa jamii wa kikundi ulinikopesha 60,000 bila riba, basi. Ila waliniuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza: mkataba uko wapi? Nilisaini karatasi tatu sikupewa hata moja. Afisa maendeleo ya jamii alikuwa ameshatueleza kituoni, siku niliyokuwa nasinzia, kwamba tangu sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018, mkopeshaji wa namna hiyo lazima awe na leseni ya Benki Kuu. Basi tukaenda wanne ofisi ya serikali ya mtaa, tukataka vijana wale waje na leseni na mkataba. Leseni hatukuiona. Mkataba ulikuja, na tulikubaliana nilipe kwa wiki badala ya kila siku. Nilimaliza Oktoba. Televisheni ipo, inaonyesha chenga, lakini ipo.

Mume wangu alijua siku ile ofisini. Hayo ni mambo mengine, siyaandiki hapa.

Nayakumbuka yote haya kwa sababu leo daftari limesomwa, na jina la binti mmoja wa Gungu limepita kimya kwa mara ya tatu. Ni mdogo, ameolewa mwaka jana, anauza ndizi na mihogo. Mwenyekiti akatutazama mmoja mmoja. Mtu akasema huenda mumewe amemkataza. Mwingine akasema huenda ana mimba inamsumbua. Kukawa na mabishano marefu kuhusu kama ni haki kumfuata mtu mzima nyumbani kwake, na hata mimi nadhani kuna siku tunavuka mpaka. Kuna mwanamke tulimfuata mwaka juzi akatuambia amechoka tu kutuona nyuso zetu, na alikuwa na haki yake. Tulirudi tumenywea.

Hata hivyo nilinyoosha mkono. Bibi wa Ujiji naye akanyoosha, akaongeza kwamba safari hii tupande bajaji, magoti yake si ya kupanda Gungu.

Tumefika saa kumi na moja. Ni chumba kimoja cha kupanga, pazia la kitenge mlangoni, ndoo mbili za mihogo barazani zimefunikwa na mfuko. Kuna sufuria mpya imening'inizwa ukutani na bado ina karatasi ya dukani. Nikabisha hodi. Kimya. Nikabisha tena.

"Hayupo," ikasema sauti kutoka ndani. Ilikuwa yake.

Nilimtazama bibi, nikitegemea atasema turudi. Yeye akavua kandambili, akazipanga vizuri pembeni, akajishusha kwenye sakafu ya baraza pole pole, mkono mmoja begani kwangu.

"Haya mama," akasema akielekea kwenye pazia. "Tutamngoja arudi."

Akafunua ndoo, akachagua mhogo, akaniomba kisu. Sina kisu kwenye mkoba, nani anatembea na kisu? Tukakaa hivyo, yeye na mhogo wake mkononi, mimi nawahesabu kuku wa jirani. Mwezi ukaanza kuchomoza mapema, mweupe kama kipande cha sabuni, na adhana ya magharibi ikasikika kutoka chini.

Pazia likasogea kidogo. Mkono ukatoka, ukaweka kisu na kigoda kizingitini, ukarudi ndani.