Siku Moja Maishani Mwangu: Fundi wa Stika, Taa na Ving'ora vya Magari ya Polisi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Naamkia Likoni, navuka kwa feri pamoja na umati wa waendao kwa miguu, na kufikia saa moja na nusu huwa nimekwisha kunywa chai kwa mahamri na mbaazi na kufungua karakana yetu ya Shimanzi, hapa Mombasa. Watu wakisikia kwamba nashughulikia magari ya polisi, huniuliza kama mimi ni askari. Mimi si askari. Kazi yangu ni kubandika alama, kufunga taa za buluu na ving'ora, na kuhakikisha kwamba simu ya upepo inasikika. Gari hilo likisimama mlangoni pako usiku, alama nilizobandika ndizo zitakazokueleza ni nani aliyekuja.

Saa mbili asubuhi

Gari la kwanza ni Land Cruiser ambayo stika zake zimechanika ubavuni. Zamani ilitosha kutazama nambari, kwani gari lenye herufi GK lilijulikana kuwa la serikali. Tangu serikali ilipoanza kukodi magari ya polisi mwaka 2013, mengi yamekuja na nambari za kawaida kama za raia, na hivyo linalolitambulisha gari ni neno POLICE lililoandikwa ubavuni, mistari yake, na nembo yenye maneno "Utumishi kwa Wote". Stika za kurudisha mwanga zina chembe ndogo mno za kioo ambazo huurudisha mwanga wa taa kule ulikotoka, ndiyo maana dereva anayekuja huliona neno hilo gizani ilhali anayesimama kando haoni kitu. Chembe hizo zikichakaa, neno husomeka mchana tu. Nalainisha stika kuukuu kwa hewa moto, nasugua gundi, naosha bodi, kisha nabandika mpya juu ya maji ya sabuni nikisukuma hewa kutoka katikati kwenda pembeni. Sikubali herufi iende upande hata kwa upana wa kucha.

Saa nne asubuhi

Hapo ndipo lilipoletwa gari ambalo lilinimalizia siku. Koplo aliyeliendesha alisema, "Fundi, taa za paa zinazima kila nikipita juu ya tuta, na king'ora kinalia kama mtu mwenye mafua. Saa kumi natakiwa niwe kazini." Nilimwambia, "Afande, keti kivulini, nitajitahidi."

Nilianza na fyuzi, zikawa nzima. Nikabadilisha rilei, ile swichi ndogo inayowashwa kwa umeme, taa zikawaka, nikafurahi, nikatikisa gari, zikazima. Betri ilikuwa na volti 12.6, lakini kwenye taa zilifika volti 9 tu, yaani umeme ulikuwa ukipotelea njiani. Nilifungua dashibodi nikaufuata waya mwekundu kwa mkono hadi kwenye paa, na joto la chumba cha dereva lilikuwa la kutoa machozi. Waya ulikuwa salama. Zaidi ya saa mbili zilipita hivyo, koplo akija kila baada ya dakika kumi kuniuliza kama tayari, kana kwamba kuuliza kwake kungeuonyesha ubovu ulipojificha.

Wakati huo huo, njaa ikiwa imenishika, aliingia bwana mmoja mwenye gari lake binafsi. Alitaka nimfungie taa mbili za buluu nyuma ya grili na king'ora kidogo, kwa kuwa amechoshwa na foleni ya Changamwe. Nilimweleza kwamba sheria hairuhusu. Akaniahidi malipo maradufu. Nilikataa. Akaniambia kwamba wenzangu wangemfungia bila maswali, akakaa hapo karibu nusu saa akipandisha bei, huku mimi nikiwa chini ya dashibodi na testa mdomoni. Jambo hili huniudhi kutoka moyoni. Anayepisha king'ora hupisha kwa imani, na imani hiyo ikishatumiwa na kila mwenye haraka zake, gari la polisi lenye majeruhi ndani litapiga king'ora na asipatikane wa kulipisha. Mwishowe nilimwambia, "Bwana, hapa hufungiwi," akaondoka bila kuaga.

Nilirudi kwenye gari nikafanya nililopaswa kulifanya tangu asubuhi: nilipima kati ya ethi ya taa, yaani waya wa kurudisha umeme kwenye bodi ya gari, na ncha hasi ya betri. Ethi ikiwa nzima, testa hapo huonyesha karibu sifuri, lakini ilionyesha zaidi ya volti 3. Ethi ilikuwa imefungwa kwenye bolti nyuma ya kebini, na bolti hiyo ilikuwa imeliwa na kutu hadi imekuwa unga wa kahawia. Gari hilo huvuka Likoni mara kadhaa kwa siku, maji yakijaa, magurudumu hukanyaga bahari penye gati la feri, na aliyetoboa paa kabla yangu hakuziba tundu. Nilikwangua chuma hadi kikang'aa, nikafunga ethi mpya ya waya mnene, nikapaka grisi, nikaziba tundu. Niliihamisha pia antena ya simu ya upepo, ambayo ni fimbo ya karibu nusu mita, mbali na waya wa king'ora, na mngurumo uliokuwa ukimsumbua koplo ukatoweka.

Chakula cha mchana kilikuwa wali wa nazi uliokwisha kupoa. Koplo aliondoka kuchelewa, lakini alinishika mkono kwanza.

Jioni

Sikumbuki vizuri nilifunga karakana saa ngapi. Mgongo uliniuma na vidole vilinuka gundi. Nilikuwa kwenye mteremko wa kuelekea feri, miongoni mwa taa nyekundu za magari yaliyosimama, nilipoiona buluu ikija kutoka nyuma; usiku jicho huiona mapema kuliko nyekundu. Lilikuwa gari lile. Lilipita juu ya tuta na nikazitazama taa zake: ya kushoto iliwaka, ya kulia iliwaka, wala hazikukatika. Lakini kwenye mlango wa nyuma pembe moja ya stika imeanza kubanduka, na nimemwandikia koplo alirudishe Jumanne.