Jina la Kitambulisho na Jina la Bustanini

Kwa miaka sita sasa nimekuwa katibu wa kundi la wapenda maua wa Moshi na Arusha. Mikutano ya ana kwa ana tunayo miwili au mitatu kwa mwaka, lakini maisha ya kundi ya kila siku yamo kwenye simu: tunatumiana picha za vyungu vyetu, tunaulizana kwa nini majani yamegeuka manjano, na mwenye ziada ya vipandikizi humpa asiye navyo. Tuko sabini na wachache. Humo mimi huitwa Mama Mboji, kwa kuwa siku za mwanzo kila aliyeleta habari ya mmea mgonjwa nilimwambia aangalie udongo kwanza, na jina hilo nimelipenda tangu siku niliyobandikwa. Wenzangu ni Mwalimu Waridi, Babu Begonia, Dada Kaktasi, Yungiyungi na wengine wa namna hiyo. Majina yaliyomo kwenye vitambulisho vyao sitayaandika hapa, na sababu yake itaonekana.

Majina hayo ya bustanini hayakupangwa na mtu. Yalikuja yenyewe, na yalikuwa na kazi. Huku kwetu jina la ukoo peke yake halimtambulishi mtu: ukiita Massawe, Mushi au Kimaro katika mkusanyiko wa watu wa Kilimanjaro watageuka wengi, na ukivuka kwenda Arusha ukaita Mollel au Laizer itakuwa vilevile. Lakini kazi yake kubwa zaidi ilikuwa nyingine. Majina matatu ya mtu huja na mzigo wake. Anayeyasikia hujua mwenyewe ametoka wapi, mara nyingi hujua na dini yake, na wakati mwingine hukumbuka hata ugomvi wa mashamba kati ya ukoo huo na wake. Yungiyungi halibebi hayo. Nilimwona dereva wa kosta akimwelekeza daktari namna ya kugawa mizizi ya anthuria, hatua kwa hatua, na daktari akamjibu, "Ahsante sana, mwalimu wangu." Hakuna kati yao aliyejua kazi ya mwenzake, na ninaamini kwamba wangejua, maneno hayo yasingesemwa kwa wepesi ule.

Mwezi Juni mwaka 2023 Mama Asmini alinyamaza. Alikuwa mtu wa upande wa Marangu, mwandishi wa ujumbe mrefu wenye salamu kamili, na ujumbe wake wa mwisho ulisema kwamba asmini yake ya ukutani imeanza kutoa matumba. Tulidhani bando limemwishia, kisha tukadhani amekwenda kwa watoto Dar es Salaam. Siku ya kumi na mbili nilipiga simu yake, ikapokelewa na kijana aliyeniambia kwa upole kwamba mama walimzika Jumamosi iliyopita. Nilipomuuliza majina kamili ya mama yake, nilikaa chini. Tangazo la msiba huo nilikuwa nimelisikia kwa masikio yangu kanisani, kwa sababu ndugu yake mmoja ni msharika wetu. Majina matatu yalisomwa, na mimi nikainamisha kichwa kama mtu anavyoinamisha kwa msiba wa asiyemjua.

Ambaye hajakulia huku huenda asione uzito wake. Kwetu msiba haukosekani. Unaweza kukosa harusi, ukatuma zawadi, mambo yakaisha. Lakini mtu mliyekuwa mkizungumza naye kila asubuhi akazikwa bila hata mmoja wenu kukaa na wafiwa ni deni lisilolipika. Tulikwenda watu tisa baadaye, tukapeleka rambirambi, tukaonyeshwa kaburi katikati ya migomba ya kihamba chake, yaani shamba la ukoo linaloizunguka nyumba. Asmini ilikuwa imechanua ukuta mzima. Mwanawe alituuliza tulimfahamu mama kwa namna gani, na ilikuwa vigumu kumjibu, kwa sababu tulikuwa tukilijua hata goti lililokuwa likimuuma wakati wa baridi na hatukulijua jina lake.

Kulikuwa na mambo mengine madogo yaliyokuwa yakituelekeza upande huohuo. Michango hutumwa kwa simu, na tangu laini ziliposajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, jina linalotokea kwa mweka hazina ni lile la kitambulisho. Tulipochangia neti ya kivuli kwa ajili ya kitalu cha pamoja, mweka hazina alibaki na michango kumi na mmoja ya watu ambao hakuna aliyewatambua, huku wenyewe wakikumbushwa hadharani kwamba hawajatoa. Vifurushi navyo vilisumbua. Niliwahi kumtumia Babu Begonia, aliyeko Arusha, majani ya lile ua la milima ya Usambara ambalo kitaalamu liliitwa Saintpaulia mwaka 1893, kwa heshima ya Mjerumani aliyelipeleka kwao, na ambalo tangu 2015 wataalamu wameliingiza katika jenasi ya Streptocarpus. Niliandika juu ya boksi "Babu Begonia", nikakosea tarakimu moja ya namba yake. Karani wa mizigo alikataa kumkabidhi mtu ambaye kitambulisho chake kinasema jina jingine kabisa na simu yake si ile iliyoandikwa, na alikuwa sahihi. Boksi lilinirudia Moshi siku ya tano. Nilipofungua gazeti lililolowa, majani ishirini na manne, ambayo niliyakata moja moja na vikonyo vyake kwa wembe safi, yalikuwa yamelainika na kuwa meusi, manyoya yake yamelala kama ya paka aliyenyeshewa, na harufu ilijaa jikoni.

Kwa hiyo mwezi Agosti nilitangaza kwamba kila mwanachama alete majina yake matatu, namba ya simu na mahali anapoishi. Mwalimu Waridi aliniunga mkono kwa hoja nzito, kwamba urafiki unaomkosesha mtu mazishi una kasoro. Dada Kaktasi alipinga. Alisema watu wengine wamekuja kwenye maua kupumzika na majina yao, nami sikuyatafakari maneno hayo kama nilivyopaswa, kwa kuwa bado nilikuwa na kaburi la Mama Asmini machoni. Niliweka tarehe ya mwisho, nikasema atakayeshindwa ataondolewa. Yungiyungi nilimfuata mara mbili faraghani. Mara ya pili aliniuliza, "Mama, yatakaa wapi?" Nikamjibu kwamba yatakaa kwangu tu, naye akatuma. Wiki moja baadaye, kwa kutaka kumrahisishia mweka hazina na watumaji wa vifurushi, niliibandika orodha nzima kundini.

Sikuitafutia kosa hili jina jingine. Nilitoa ahadi, nikaivunja.

Orodha ilikaa siku tatu. Katika siku hizo mmoja wetu aliipeleka kwa dada yake, ambaye alikuwa akitafuta mtu wa kumuuzia miche karibu na Tengeru. Dada akaipeleka kwingine, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Siku ya nne Yungiyungi aliondoka kundini bila neno. Usiku wake alinipigia. Alikuwa ameachana na mwanaume aliyekuwa akimsumbua kwa simu na kumvizia, alikuwa amebadilisha laini na kuhama mji kwa ajili hiyo, na jioni ile mwanaume huyo alimpigia kwenye namba mpya na kumtajia mtaa anaoishi. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mama, mimi humo nilikuwa Yungiyungi, na nilikuwa ninalala vizuri."

Niliifuta orodha usiku huohuo na kumwomba kila mtu aifute kwake, nikijua kwamba kilichokwisha kusambaa hakikusanyiki. Nilimwomba aende kuripoti, na kwa kuwa alikubali nisaidie, nilimpata mwanamke mwanasheria anayeshughulika na mambo ya namna hiyo, wakaenda pamoja. Hayo yalikuwa ya lazima. Lakini yalibaki ya kati yangu na yeye, na hayo hayana ofisi.

Wazee wetu Wachaga walituachia isale, ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani mwa kihamba. Aliyekosa humpelekea aliyekosewa jani lake, na anayeletewa isale kwa moyo wa kweli hatarajiwi kuifunga njia ya msamaha. Nilikata jani moja kwenye mpaka wa kihamba cha marehemu baba yangu, nikalifunga ndani ya kanga, nikapanda kosta asubuhi. Tulikutana nyuma ya soko la Tengeru, mahali alipopachagua yeye. Aliniamkia shikamoo kama siku zote, na ile marahaba ilinitoka kwa shida. Nililitoa jani kwa mikono miwili, nikamwambia, "Mwanangu, nilikuambia yatakaa kwangu, na hayakukaa kwangu." Alilishika akalitazama kwa muda mrefu. Yeye pia ni mtoto wa Kilimanjaro, hakuhitaji kuelezwa. Alinijibu kwamba amenisamehe, ila anataka jambo moja: nisiwaache watu bila namna yoyote ya kujuana, kwa sababu yeye naye alimlilia Mama Asmini.

Maneno hayo ndiyo yaliyotutengenezea utaratibu tulio nao. Nilisoma pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nikakuta humo misingi ambayo ningeifuata mapema ingenizuia: taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi linalojulikana, zisizidi zinazohitajika kwa kusudi hilo, na zisitumiwe kwa jambo jingine. Kundi la maua si ofisi, lakini sikuona sababu ya kuwaheshimu marafiki zangu chini ya kiwango hicho.

Sasa tuna daftari moja la karatasi, lenye jalada gumu, ninalolifungia kabatini, na mtu wa pili anayeruhusiwa kulifungua ni mweka hazina. Halipigwi picha. Hakuna anayelazimishwa kuandikwa. Anayependa huandika majina yake matatu. Asiyependa huandika namba ya ndugu au jirani mmoja anayejua kwamba yumo kundini, ili akiugua au akifariki tupate kuambiwa, na hiyo inatosha kabisa. Kila mtu ana namba yake ya daftari, na michango tumeiweka kwa hesabu ambayo mweka hazina mwenyewe aliibuni: mwanachama namba 17 akichangia elfu kumi hutuma shilingi 10,017, na mweka hazina husoma tarakimu za mwisho bila kuhangaika na jina lililotokea. Kwa vifurushi, mtumaji na mpokeaji hupeana majina wao kwa wao, na lebo huchanwa mzigo ukishafika. Kwa wale wasiotaka hata hivyo, mwenzetu mwenye kibanda karibu na stendi ya Arusha hupokea mizigo kwa jina lake mwenyewe, kisha huwapelekea. Kundini tunaendelea kuitana kama zamani.

Mwalimu Waridi hakuridhika mara moja. Anaona bado kwamba watu wazima wajulikane kwa majina waliyopewa na wazazi wao, na mwenyewe alibadilisha, akaanza kutumia majina yake yote matatu kundini, jambo ambalo hakuna aliyemzuia. Nilijifunza kumheshimu kwa hilo. Mtu kujitangaza mwenyewe na mtu kutangazwa na mwingine havifanani, na nimelazimika kulieleza hilo mara nyingi kuliko nilivyotarajia, hasa kwa wanachama wapya wanaokuja na imani kwamba anayeficha jina ana jambo baya analolificha.

Mwaka uliofuata Babu Begonia alilazwa katika hospitali moja kubwa ya Moshi. Binti yake, ambaye baba yake alikuwa ameandika namba yake daftarini, alinipigia asubuhi ya pili. Mchana tulikuwa wanne mlangoni mwa wodi, tukalitaja jina lake la kitambulisho kwa muuguzi bila kusita, tukaelekezwa kitanda. Yeye alipotuona alicheka, akasema kwamba hakutegemea kumsikia Mama Mboji akimwita jina hilo, na akaniomba nimwite lile lingine. Yuko nyumbani sasa, na begonia zake ziko chini ya ile neti ya kivuli.

Yungiyungi alirudi kundini baada ya miezi mitano, kwa jina hilohilo na namba mpya. Daftarini aliandika namba ya dada yake tu. Mwezi uliopita nilipokea boksi kutoka Tengeru, limetobolewa matundu vizuri, na ndani yake machipukizi sita ya anthuria yaliyofungwa kwenye gazeti lenye unyevu. Mahali pa mtumaji, kwa mwandiko wake mwenyewe na kalamu nyeusi, alikuwa ameandika majina yake matatu, ingawa njia ya kibandani alikuwa nayo. Niliyaloweka machipukizi kwenye beseni, nikaandaa vyungu sita, kisha nikaibandua ile lebo na kuichana kama tunavyozichana zote.