Kiku ya kusini imenyooka: kumbukumbu ya temari yangu ya nne

Jana usiku, baada ya kufumua mara tatu, hatimaye ua la kiku (krisanthemumu) la upande wa kusini wa temari yangu, mpira wa Kijapani unaopambwa kwa nyuzi, limekaa sawa, petali zake zote 16 zikiwa zimenyooka kutoka kwenye ncha hadi ikweta bila hata moja kuilalia jirani yake. Naandika kabla sijaisahau sababu, kwa maana kwa wiki tatu nzima nilikuwa nikiitafuta mahali ambapo haikuwapo.

Mpira una mzingo wa sentimita 26 na umegawanywa sehemu 16 kwa uzi wa dhahabu. Kiini chake ni makapi ya mpunga yaliyofungwa katika karatasi laini, kama wafanyavyo mafundi wa temari za Sanuki katika mkoa wa Kagawa. Ua la kaskazini halikunisumbua: nilichomeka pini kwenye theluthi ya kwanza ya njia kutoka ikweta kwenda ncha, nikashona raundi moja ya petali nane za kwanza, kisha raundi moja ya nane za pili, nikapokezanisha hivyo mpaka nyuzi zikagusa ikweta. Lilitoka safi kiasi kwamba niliamini upande wa pili ungekuwa kazi ya jioni mbili.

Kusini, kufikia raundi ya nne, petali zote zilianza kupinda kuelekea mkono wa kulia, mithili ya mapanga ya feni. Kwanza niliulaumu mkono wangu. Katika mshono wa uwagake chidori, sindano karibu na ncha hupita nyuma ya nyuzi zote za raundi zilizotangulia, na kila mshono huwa mpana kidogo kuliko uliopita; nikadhani nilikuwa nachota zaidi upande mmoja wa mstari wa kugawia. Nikafumua, nikaanza upya nikipima kulia na kushoto kwa kila mshono, na zikapinda tena. Mara ya pili niliulaumu mkazo wa uzi, nikaulegeza. Petali zilipinda vilevile na juu ya hayo zikavimba. Nakiri kwamba usiku ule niliufungia mpira kabatini na sikuugusa kwa siku nne. Kiku yenye petali 16 ndiyo nembo ya familia ya kifalme ya Japani, na sikuwa tayari kuishona ikiwa imepinda.

Nilipofumua mara ya tatu sikushona tena, bali nilichukua utepe wa karatasi nikapima mistari yenyewe. Kwenye ikweta nafasi zote zilikuwa milimita 16 na kidogo, kama nilivyoziacha. Karibu na ncha ya kusini hali ilikuwa tofauti kabisa, kwani mistari iliyopaswa kukutana kwenye nukta moja ilikuwa imeachana kwa milimita tatu na kupishana kama wavu mdogo. Kaskazini, ambako uzi wa kugawia huanzia na kurudia, nilikuwa nimeyafunga makutano kwa mishono miwili. Kusini uzi ulipita tu kando ya pini, na pini hiyo niliiondoa nilipoanza kushona. Kila sindano iliyopita chini ya mstari iliuvuta kidogo, nami katika raundi iliyofuata nikawa naufuata mstari ambao mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kuuhamisha.

Dawa yake ilichukua dakika 40. Nilirudisha pini, nikausogeza kila mstari mahali pake kwa ncha ya sindano, kisha nikayafunga makutano ya kusini kwa mishono miwili ya uzi mwembamba wenye rangi ya mpira, na nikafanya hivyo pia mahali pote 16 ambapo mistari inaikata ikweta.

Uzi wa dhahabu una sehemu yake ya lawama, kwa sababu unateleza. Tangu sasa nitagawia kwa uzi wa pamba, na dhahabu nitaiweka mwishoni kwa pambo tu. Kuhusu kupima, sioni mpinzani wa utepe wa karatasi: futi ya fundi cherehani ni nene na haikai vizuri juu ya mviringo, ilhali karatasi hukunjwa mara nne na kukupa sehemu 16 bila hesabu yoyote.

Mpango ulikuwa kuizungushia ikweta obi, yaani mkanda, pana ya bluu ya nili. Lakini ile mishono 16 ya kufungia, nilipoitazama asubuhi kwenye mwanga wa dirisha, ilikuwa imejipanga kati ya maua mawili kwa mpangilio mzuri mno kuufunika. Kwa hiyo obi nimeiacha, na juu ya kila mshono nashona matsuba, yaani majani membamba ya msonobari, kwa uzi wa kijani kibichi. Tatu zimekwisha, zimebaki 13.