Nilivyolifuata gari la majitaka hadi Vingunguti

Chemba yangu ya Tabata ilipofurika mara ya tatu ndani ya mwaka mmoja, nilimwambia dereva wa gari la kunyonya, "Leo twende wote, nikaone unapoyapeleka." Akacheka, akamwambia utingo asogee. Wapangaji wakatoka milangoni kumtazama mama mwenye nyumba akipanda gari la majitaka.

Jirani yangu yeye husubiri mvua kubwa akatapisha choo usiku. Sina moyo huo, na isitoshe uchafu wake hupita mlangoni kwangu.

Nilidhani Vingunguti, kunakosafishwa majitaka ya Dar es Salaam, nitakuta mitambo inanguruma. Nikakuta mabwawa, na ndege weupe kandokando. Bomba likafunguliwa, mzigo wangu ukamwagika, na kwenye nondo za kuchujia vikabaki pampasi mbili, vifuko vya nailoni na kitambaa cha deki. Kitambaa kile nilikijua. Nilishamgombeza nacho mpangaji wa chumba cha nyuma kwamba kakiiba.

Msimamizi mmoja alinionea huruma, akanieleza. Bwawa la kwanza lina kina kirefu, halina hewa chini. Uchafu mzito unatua, na bakteria wasiotaka oksijeni wanautafuna taratibu. Yale mapovu ni gesi yao. Maji yanayobaki yanaingia bwawa pana lenye kina cha mita moja hadi mbili, la kijani kama mchicha uliopondwa. Kijani ile ni mwani. Mchana unatumia jua kutoa oksijeni, bakteria wanaivuta na kumalizia uchafu, nao wanautolea mwani hewa ya ukaa. Mwishoni kuna mabwawa ya kina kifupi, ambako jua lenyewe na ukali kama wa magadi ambao maji huupata mchana huua vijidudu vya kuharisha, na mayai ya minyoo huzama. Safari yote ni ya siku nyingi.

"Sasa dawa mnaweka saa ngapi?" nikauliza.

"Dawa ya nini, mama? Utaniulia wafanyakazi wangu."

Nikanyamaza. Kila Jumamosi nilikuwa nikimimina chooni dawa ya kung'arishia, nusu dumu la lita tano, nikijiona msafi kuliko mtaa mzima. Kumbe chemba nayo ina wafanyakazi wake, nami ndiye niliyekuwa nikiwaua.

Nilirudi nikanunua ndoo yenye kifuniko kwa ajili ya pampasi na pedi, nikaweka kichujio kwenye sinki, kumwaga humo mafuta ya kukaangia nikakupiga marufuku. Choo nasugua kwa brashi na sabuni kidogo. Fundi alizibua bomba la kwenda shimo la pili. Lilikuwa limejaa mafuta yaliyoganda kama samli. Masika yote yaliyofuata sikuita gari.

Yule mpangaji nilimwomba radhi. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama nimerudi nacho.