Unaogesha mama wa watu

Ujumbe wa sauti wa mama mkubwa uliingia Jumatano saa kumi na moja na nusu alfajiri, niko kwenye tramu naelekea zamu. Ni miaka sita sasa niko Bremen, Ujerumani, nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Yeye yuko Temeke, nyumba ya tatu kutoka kwa mama yangu. Akasalimu, akanihesabia nani kafiwa na nani kajifungua, halafu akasema: "Mwanangu, huko unaogesha mama wa watu kwa mshahara. Wako anaogeshwa na nani?"

Nilipitiliza kituo. Nikamjibu, "Shikamoo mama, nimekusikia," kwa sababu mama mkubwa hajibizwi. Lakini tangu siku hiyo neno lile limenikaa kooni.

Mama alipigwa na kiharusi miaka mitatu iliyopita, upande wa kulia wote. Mdogo wangu alifunga biashara yake ya vitenge Kariakoo akarudi nyumbani kumlea. Mimi natuma: dawa, kiti cha magurudumu, mtu wa mazoezi, nepi za wakubwa. Bei ya nepi za wakubwa hapo Dar mnaijua wenyewe. Sijawahi kuruka mwezi hata mmoja. Mwezi niliougua nilikopa nikatuma.

Na mimi nilikuja huku na hukumu kama ya mama mkubwa. Kuna bibi mmoja ninayemhudumia, ana miaka 88. Kila Jumapili asubuhi ananiomba nimvalishe hereni za lulu, kwa sababu saa tisa alasiri binti yake anakuja na kipande cha keki. Binti anakaa saa moja, anambusu, anaondoka. Mwaka mzima nilimchukia yule dada. Nilijisemea, huyu ana roho gani, saa moja kwa wiki?

Jumapili moja bibi alijichafua dakika kumi kabla ya saa tisa. Akanishika kifundo cha mkono, kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo: "Fanya haraka. Binti yangu asinione hivi." Nikamsafisha, nikabadilisha shuka, nikafungua dirisha. Binti alipoingia alimkuta mama yake amenyooka kitini, hereni zinang'aa. Nilipofika nyumbani ndipo nikaelewa. Kwetu fedheha ni mama kuvuliwa nguo na mtu baki wakati ana mabinti. Kwa bibi yule fedheha ni kuvuliwa na binti aliyemzaa. Wote wawili wanalinda heshima ileile ya mzazi, ila kila mmoja ameiwekea mlango upande wake.

Milango hiyo haikujiweka yenyewe. Wajerumani walitunga sheria ya pensheni ya uzee mwaka 1889. Mwaka 1995 wakaongeza bima ya matunzo, mbali na ile ya afya, na kila mfanyakazi anakatwa, mimi pia. Hata hivyo nyumba ya wazee inamdai mkazi mwenyewe karibu euro 3,000 kwa mwezi. Akiba ikiisha, ofisi ya ustawi inaingia. Mtoto haguswi mpaka mapato yake yavuke euro 100,000 kwa mwaka. Ndivyo sheria ilivyo tangu 2020. Ndiyo maana mwenzangu wa zamu aliposikia natuma theluthi ya mshahara nyumbani alishtuka kwa huruma kabisa: "Lakini huko ni kukunyonya!" Nilikasirika siku mbili. Yeye amelelewa akijua mzazi mwema hamdai mtoto.

Na ile hadithi yetu ya vijiweni kwamba Wazungu wanatupa wazazi, tuiache. Zaidi ya wanne kati ya kila watano wanaohitaji matunzo Ujerumani wako majumbani, na wengi wao wanatunzwa na ndugu. Tena kuna fungu la kazi hiyo: mgonjwa wa daraja la 3 la uhitaji wa matunzo anayelelewa na familia anapewa euro 599 kwa mwezi.

Sisi je? Zanzibar walianza Aprili 2016 kumpa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi. Bara hakuna pensheni ya namna hiyo kwa wazee wote. Mama aliuza vitumbua miaka thelathini. Nani angemkatia mchango? Pensheni yake ni sisi. Ndiyo maana mtaani ukisikia mzee fulani kapelekwa makazi ya Nunge, Kigamboni, swali la kwanza ni kama ndugu zake wamekufa wote. Mtoto asiyetuma kwetu ni mwizi, na ukali huo una sababu yake, maana akiacha yeye hakuna ofisi ya kuingia.

Wadogo zangu mnaoniuliza kila siku kuhusu mafunzo ya uuguzi huku: Kijerumani kwanza, pale Upanga Goethe-Institut wanafundisha, na msimpe wakala hela ya "nafasi". Halafu jiulizeni kama mtaweza kumuogesha mzee wa rika la baba yenu bila kinyaa na bila dharau. Wiki yangu ya kwanza nililia chooni.

Zile euro 599 ndizo zilizonipa wazo. Jumamosi nikampigia mdogo wangu, nikamwambia kuanzia mwezi huu kuna laki mbili za kwake mwenyewe, kwa kazi anayofanya. Akanyamaza. Nyuma yake nasikia maji yanamiminwa kwenye beseni.

"Dada, unanilipa nimuogeshe mama yangu?"

Nikajaribu kueleza, akakata simu. Siku mbili hakupokea. Jumatatu nikatuma hela ileile, nikamwandikia: "Ya ada ya mtoto." Hiyo akapokea, akajibu, "Ahsante dada. Mama amekula vizuri leo."